Zawadi ya Mgombea Mbele ya Jaji

Kila ufikapo wakati wa kampeni, katika mialo ya Ziwa Viktoria, toka Kirumba mjini Mwanza hata visiwa vya Ukerewe na pwani ya Bunda, huonekana wageni ambao hawakuonekana kwa miaka mitano. Mmoja huwagawia khanga akina mama wanaoanika dagaa. Mwingine huwanunulia wavuvi pombe. Wa tatu huacha fedha kidogo, akisema ni ya sukari ya watoto. Wengi huona kuwa huu ni ukarimu tu, na wako wanaoutetea kwa methali ya wazee, kwamba mkono mtupu haulambwi. Yafaa basi tujifunze sheria yasema nini juu ya zawadi za namna hii, mahakama zetu zimeamua nini, na sisi wenyewe tuna wajibu gani.

Kwanza, tufahamu shauri la uchaguzi ni nini. Katiba yetu, katika ibara ya 83, imeipa Mahakama Kuu kazi ya kuamua kama mtu amechaguliwa kihalali kuwa Mbunge, na asiyeridhika na hukumu aweza kwenda Mahakama ya Rufani. Uchaguzi wa Rais haumo katika mlango huu, maana ibara ya 41 hairuhusu mahakama kuuchunguza baada ya Tume kutangaza mshindi. Lakini kwa kiti cha Mbunge, mgombea aliyeshindwa aweza kulalamika, na hata mpiga kura wa kawaida aweza kufika mbele ya Jaji, mradi afanye hivyo katika muda uliowekwa na sheria.

Pili, tufahamu mambo yanayokatazwa. Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 1985, ambayo nafasi yake ilishikwa na sheria mpya mwaka 2024, ilikataza kununua kura kwa fedha, chakula, kinywaji au ahadi ya kazi. Ilikataza pia kumtisha mpiga kura, na kutafuta kura kwa kuchochea tofauti za kabila, dini au jinsia. Tena, katika rushwa ya uchaguzi, sheria haikumshika mtoaji peke yake. Aliyepokea naye alikuwa na hatia.

Hata hivyo, mwaka 2000 Bunge liliingiza katika sheria hiyo maneno ya kuruhusu takrima, yaani kitu kilichotolewa kwa nia njema kama ukarimu wa desturi. Mpaka kati ya ukarimu na rushwa ukapotea. Mashirika matatu ya kutetea haki yalikwenda Mahakama Kuu, Dar es Salaam, na mwezi Aprili 2006 majaji walitamka kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Mojawapo ya sababu zao ni rahisi kufahamu: mgombea tajiri aweza kutoa takrima na maskini hawezi, basi sheria ya namna hiyo haiwatendei wote kwa usawa. Mila ya kumkirimu mgeni ni njema, wala mahakama haikuidharau. Lakini katika mila yetu mwenyeji ndiye anayemkirimu mgeni, wala hamdai chochote. Mgombea anayegawa khanga siku chache kabla ya kura ana kitu anachokitaka.

Tatu, tutazame mashauri yaliyotokea katika nchi hii ya Ziwa. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2000, Bwana Julius Ndyanabo, aliyeshindwa katika jimbo la Nkenge, mkoani Kagera, alitaka kupinga matokeo. Akakuta sheria inamdai kwanza aweke dhamana ya shilingi 5,000,000, na bila fedha hizo shauri halisikilizwi. Hakukubali. Akahoji uhalali wa sharti lenyewe mpaka Mahakama ya Rufani, na mwezi Februari 2002 Mahakama ikatamka kwamba kifungu hicho ni batili, kwa kuwa kinamfungia maskini mlango wa haki. Siku hizi mlalamikaji asiye na uwezo aweza kuiomba mahakama impunguzie dhamana.

Huko Bunda, mwaka 1995, Bwana Stephen Wassira wa NCCR-Mageuzi alimshinda Bwana Joseph Warioba wa CCM, aliyekuwa Waziri Mkuu zamani. Bwana Warioba alifungua shauri, nayo Mahakama Kuu ikatengua ushindi huo. Miaka ishirini baadaye, mwaka 2015, Bwana Wassira, sasa akiwa wa CCM, alishindwa na Bibi Ester Bulaya wa CHADEMA katika jimbo la Bunda Mjini. Wapiga kura wanne walikwenda Mahakama Kuu, Kanda ya Mwanza, kupinga matokeo. Shauri lilipanda mpaka Mahakama ya Rufani juu ya haki yao ya kusikilizwa, likarudi Mahakama Kuu, na mwaka 2016 ushindi wa Bibi Bulaya ukathibitishwa.

Mashauri haya mawili yatufundisha jambo moja. Mahakama haitengui uchaguzi kwa sababu ya ukubwa wa jina la mlalamikaji, wala kwa uvumi wa sokoni. Mlalamikaji ndiye apasaye kuthibitisha, na kuthibitisha kwenyewe ni kwa kiwango kikubwa, kisichoacha shaka ya maana katika akili ya Jaji. Na ushahidi huo watoka wapi? Fedha ya sukari haina stakabadhi. Watoka katika kinywa cha mama aliyekuwapo penye chanja za dagaa, na cha mvuvi aliyeiona bahasha ikitoka mkono huu kwenda mkono ule. Aliyekataa aweza kusema bila hofu juu ya mkono wake mwenyewe. Aliyepokea hufungwa ulimi, kwa maana akimshitaki mtoaji amejishitaki mwenyewe. Hivyo zawadi ndogo hununua kura leo, na kesho hununua ukimya.

Tufanye nini basi? Mosi, wazazi wakatae zawadi ya mgombea mbele ya watoto wao, na wawaeleze sababu. Pili, mtu akiona kura inanunuliwa, akumbuke siku, mahali, na maneno yaliyosemwa, akatoe habari kwa TAKUKURU au Polisi mapema, asingoje matokeo. Tatu, akiitwa kutoa ushahidi aseme aliyoyaona tu, asiongeze kwa kumpenda huyu wala kupunguza kwa kumwogopa yule. Ushahidi wa uongo ni dhuluma kwa wote waliopiga kura kwa haki.

Khanga huchakaa, na sukari huisha kabla ya juma kwisha. Mbunge hukaa miaka mitano, na barabara, zahanati na mialo yetu hungoja sauti yake. Tukiwa tumekwisha kulipwa, tutamdai nini?