Nusu Saa ya Filamu Bubu Ukutani

Mtu akifungua filamu ya mwaka 1895 kwenye simu, mara nyingi hukuta picha yenye mikwaruzo, watu wanaotembea mbiombio, na piano inayogongwa bila kupumzika. Kabla hajajua anatazama nini, filamu imekwisha. Anajiambia kwamba wazee wale walikuwa wanajaribujaribu tu, kisha anarudi kwenye tamthilia yake. Mimi naona filamu hizo zinaonewa. Nyingi zilitengenezwa zionyeshwe ukutani, mbele ya watu waliokaa pamoja, mmoja akieleza na wengine wakicheka. Zirudishie mazingira hayo na hata mtoto wa darasa la tatu ataomba zirudiwe. Kuandaa nusu saa ya namna hiyo nyumbani, shuleni au kwenye klabu ya vijana si kazi kubwa: projekta ya kuazima, shuka jeupe lililonyooshwa vizuri, spika moja, na mtu mmoja mwenye mdomo mwepesi.

Chagua filamu chache. Auguste na Louis Lumière, ndugu wawili wa Lyon, walifanya onyesho lao la kwanza la kiingilio mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895, katika chumba cha chini cha mkahawa wa Grand Café. Kiingilio kilikuwa faranga moja na filamu zilikuwa 10. Kila moja ilikaribia sekunde 50, kwa sababu mkanda ulioingia kwenye kamera yao ulikuwa wa meta 17 hivi. Ukiisha mkanda, imekwisha filamu. Kwa hiyo filamu saba au nane zinatosha kabisa kujaza nusu saa yako, maana utazirudia, na katikati watu watabishana.

Zipakue mapema zikae kwenye kompyuta au flashi. Usitegemee bando wala mtandao wa usiku ule. Chanzo kizuri ni Maktaba ya Bunge la Marekani, ambayo imeweka mamia ya filamu za mwanzo kwenye tovuti yake bila malipo. Nyingi ziliokoka kwa njia ya ajabu: hadi mwaka 1912 sheria ya hakimiliki ya Marekani haikuwa na kifungu cha filamu, hivyo watengenezaji walizisajili kama picha za kawaida, wakichapa fremu zote kwenye mikanda mirefu ya karatasi. Mikanda halisi ya nitrati, ambayo hushika moto kwa urahisi, iliungua au ikaoza. Karatasi zikabaki.

Zikwepe kopi zilizotiwa rangi na kulainishwa na kompyuta, ambazo zimejaa mitandaoni tangu mwaka 2020 au hapo karibu. Zinavutia kwa sekunde kumi za kwanza. Baadaye utagundua nyuso zimepakwa kitu cha kubuni na majani ya miti yamegeuka uji. Tafuta kopi ya kijivu iliyosafishwa na kituo cha kuhifadhi filamu, hata ikiwa na mkwaruzo.

Sasa kasi, na hapa ndipo maonyesho mengi yanapoharibikia. Kamera za wakati ule zilizungushwa kwa mkono. Mpiga picha wa Lumière alizungusha mkono wake mara mbili kwa sekunde, ikitoa takriban fremu 16. Filamu hiyo ikipitishwa kwenye mtambo wa fremu 24, watu wote huongezewa mwendo kwa nusu nzima, na mazishi hugeuka kichekesho. Programu nyingi za kuchezea video zina kitufe cha kupunguza kasi, nawe jaribu 0.75 kwanza. Usifanye hivyo kwa kila filamu, kwani kopi nyingine zimekwisha kurekebishwa. Pima kwa jicho: tazama mtu anavyotembea, maji yanavyoanguka, sketi inavyotulia mwenye sketi anaposimama. Maji hayadanganyi. Watu wanaweza kuharakisha kwa sababu zao, ila maji huanguka kwa mwendo uleule Lyon na Lindi.

Filamu za kampuni ya Edison za mwaka 1894 zina habari tofauti. Zilipigwa kwa kasi kubwa zaidi, na hazikukusudiwa kwenda ukutani. Mteja aliinama juu ya sanduku, akachungulia kwenye tundu, peke yake. Basi usizitie kwenye programu ya ukutani. Weka ile ya Fred Ott akipiga chafya, iliyopigwa Januari 1894 na isiyozidi sekunde chache, kwenye simu moja, uipitishe mkono kwa mkono wakati watu wanasubiri giza liingie. Kila mtu achungulie zamu yake.

Mwanga ukishazimwa, anza na wafanyakazi wakitoka kiwandani kwa akina Lumière. Onyesha mara tatu. Mara ya kwanza usiseme lolote. Baada ya hapo waulize watu wameona nini, na mara nyingi utajibiwa: watu wanatoka kazini. Ya pili waambie watafute mbwa na baiskeli. Ya tatu kila mmoja achague mtu mmoja tu kwenye lango amfuate kwa macho hadi atoke pembeni mwa picha. Hapo ndipo ukumbi unapochangamka, kwa sababu kila mtazamaji ameona filamu yake. Sisi tumezoea kamera inayotusogezea uso na kutuambia tutazame wapi. Kamera ya Lumière imesimama tu, na kila kitu kwenye fremu kina haki sawa ya kutazamwa, kuanzia kofia za wanawake hadi anayemsukuma mwenzake. Ukitaka kunogesha zaidi, tafuta matoleo yote matatu. Yupo farasi mmoja katika la kwanza, wapo wawili katika jingine, na jingine halina farasi. Yaani hata filamu hii inayoonekana kama tukio lililonaswa tu ilirudiwa, na watu walitoka langoni kwa maelekezo.

Zoezi hilohilo lifanye kwenye filamu ya Auguste na mkewe wakimlisha mtoto wao mezani. Wakati watazamaji wote wanamtazama mtoto, waambie waangalie nyuma yake. Majani yanacheza kwa upepo. Inasimuliwa kwamba watazamaji wa kwanza walishangazwa na majani yale kuliko mtoto mwenyewe, na sioni sababu ya kutoamini: walizoea jukwaa lenye miti iliyochorwa kwenye kitambaa.

Inayofuata iwe ile ya mtunza bustani aliyelowanishwa. Mtoto anakanyaga mpira wa maji, maji yanakatika, mzee anachungulia mdomo wa mpira, mtoto anainua mguu. Watacheka, hilo halihitaji maandalizi. Wewe subiri sehemu ya baadaye. Mzee anamkimbiza mtoto, anamkamata, halafu anamburura kumrudisha mbele ya kamera ndipo amchape. Angeweza kumchapa palepale alipomkamata, ila kamera haikuweza kumfuata huko, na adhabu isiyoonekana isingekuwa na maana kwa mtazamaji. Simamisha picha hapo uwaulize kwa nini amerudishwa. Vijana wanaopiga video zao wenyewe hulielewa swali hili haraka kuliko walimu.

Kuhusu treni inayoingia kituo cha La Ciotat, ionyeshe kwa sababu ni nzuri, lakini usirudie kwa watu ile hadithi kwamba watazamaji walikimbia wakidhani itawagonga. Hakuna ripoti ya kuaminika ya wakati ule inayothibitisha mkurupuko huo, na filamu yenyewe haikuwamo kati ya zile 10 za Desemba 1895. Waelekeze badala yake kwenye mahali kamera ilipowekwa: kando ya reli, kwa mshazari, hata injini inaanza kama nukta na kuishia ikijaza upande mzima wa picha.

Baada ya Lumière badilisha ladha. Georges Méliès alikuwa mwanamazingaombwe mwenye ukumbi wake Paris, na filamu yake ya mwaka 1898 ya mtu mwenye vichwa vinne inachukua kama dakika moja. Anajing'oa kichwa, anakiweka mezani, kingine kinaota, na kadhalika, hadi anapovipigia banjo na kuchoshwa na uimbaji wa vichwa hivyo. Waache watu wakisie mbinu kabla hujaieleza: alisimama mbele ya pazia jeusi, akaupitisha mkanda uleule kwenye kamera zaidi ya mara moja, na pengine alisimamisha kamera akabadilisha kilichokuwa mbele yake. Kusimamisha kamera bila kuisogeza ni jambo ambalo mtoto mwenye simu anaweza kulifanya kesho yake asubuhi.

Kutoka Uingereza chukua mbili fupi. Katika ile ya G. A. Smith ya mwaka 1900, mjukuu anashika kioo cha kukuzia cha bibi yake, nasi tunaona anachokiona yeye: saa, ndege kizimbani, jicho la bibi likizunguka. Ile ya James Williamson ya mwaka 1901 ina bwana asiyetaka kupigwa picha. Anaisogelea kamera, anapanua kinywa, anammeza mpiga picha na kamera yake, kisha anarudi nyuma akitafuna. Kwa maoni yangu hakuna filamu ya dakika moja inayochekesha zaidi ya hiyo hadi leo. Ukiwa na nafasi, ongeza ile ya Alice Guy, aliyekuwa katibu katika kampuni ya Gaumont kabla ya kuongoza filamu, ambamo bibi mmoja anaokota watoto wachanga kwenye makabichi.

Funga sehemu hii na safari ya mwezini ya Méliès, ya mwaka 1902, inayochukua karibu robo saa kutegemea kasi. Hapa ndipo msimulizi wako anapofanya kazi, maana filamu haina maandishi ya kueleza kinachoendelea. Ilikusudiwa isimuliwe na mtu aliyesimama kando ya kitambaa. Japani wasimulizi wa namna hiyo waliitwa benshi, na baadhi yao walikuwa na majina makubwa kuliko waigizaji. Sisi hatuhitaji kufundishwa hili. Aliyekulia karibu na kibanda umiza cha video anamjua msimulizi Lufufu, na Wakenya wana DJ Afro, hivyo msimulizi wako ana walimu wa karibu. Mwambie atazame filamu mara kadhaa kabla, awape wataalamu sita wanaosafiri majina na tabia, na anyamaze pale picha inapojitosheleza, kama roketi inapochoma jicho la mwezi. Akumbushwe pia kwamba baada ya jicho kuchomwa, roketi inatua tena, safari hii ikionekana kutoka juu ya mwezi wenyewe. Méliès ameonyesha tukio moja mara mbili. Msimulizi asiyejua hilo hukwama akidhani roketi zimekuwa mbili.

Muziki uwe wa kwenu. Ngoma, gitaa, udi, hata kijana wa kinanda cha kanisani, almradi mpigaji anaitazama picha na si karatasi. Filamu hizi hazikuonyeshwa kwa ukimya mara nyingi, ila hazikuwa na wimbo maalumu unaolazimika kuufuata. Kuna faida nyingine: hakimiliki za filamu zenyewe nyingi zimekwisha, lakini muziki mpya uliobandikwa juu ya kopi ya mtandaoni unaweza kuwa na mwenyewe, na ukitoza kiingilio ni afadhali uuzime.

Kitu cha mwisho kiandae mapema, wageni wanapofika. Kule Blackburn, Uingereza, Sagar Mitchell na James Kenyon walikuwa wakipiga picha za wafanyakazi wakitoka viwandani, ili jioni watu wale wale walipe waje kujitazama. Mamia ya mikanda yao ilipatikana mwaka 1994 kwenye chumba cha chini cha duka. Igiza biashara yao. Egemeza simu kwenye kitu imara mkabala na mlango, ilale kwa ubavu, isiguswe, na irekodi sekunde 50 za watu wakiingia. Usimwambie mtu apunge mkono, na usikate kitu. Wakati wanashangaa mwezi, mtu mmoja aihamishie kwenye kompyuta, aondoe rangi na sauti, aipunguze kasi kidogo kama ukipenda, na iwekwe ya mwisho kwenye orodha bila kutangazwa.