Gari Kuukuu la Bei Nafuu: Namna ya Kulimiliki na Kuachana Nalo Kihalali

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamishia shughuli zake Dodoma, mji huu umepanuka kwa kasi. Nzuguni, Ihumwa na Mtumba, maeneo yaliyohesabika kuwa pembezoni, leo ni makazi na mahali pa kazi. Kwa familia nyingi gari dogo lililokwisha kutumika si anasa tena, bali ni chombo cha kumfikisha mzazi kazini, mtoto shuleni na mgonjwa hospitalini. Aghalabu gari hilo ni la Kijapani, lina umri wa miaka kumi na mitano au zaidi, na limepita katika mikono kadhaa kabla ya kumfikia mmiliki wa sasa.

Kuna sababu ya kiuchumi. Kenya hairuhusu kuingizwa nchini kwa gari lililozidi umri wa miaka 8. Tanzania haikuweka katazo la namna hiyo, lakini hutoza ushuru wa ziada kwa kuzingatia umri wa gari. Mwenye kipato cha kawaida huona ni nafuu kununua gari ambalo tayari limo nchini, kutoka mkononi mwa mtu.

Somo hili linamhusu mtumiaji huyo, kuanzia siku anayonunua hadi siku anayoachana na gari lake. Kiini chake ni kimoja: gari halijauzwa kikamilifu mpaka jina kwenye kadi limebadilika.

1. Mauziano ya "tutahamisha baadaye"

Tuchukue mfano. Mwalimu wa Kongwa anamuuzia muuguzi wa Bahi gari kwa shilingi 5,000,000. Wanaandikiana karatasi mbele ya mashahidi wawili, fedha zinalipwa na funguo zinakabidhiwa. Kwa kuwa kuhamisha umiliki kuna gharama, wanakubaliana kwamba watahamisha baadaye. Mwaka unaofuata muuguzi analiuza kwa mfanyabiashara wa zabibu wa Hombolo, naye anampa dereva alifanyie kazi. Kadi bado ina jina la mwalimu.

Sasa gari linamgonga mtu usiku na dereva anakimbia. Polisi wanapoitafuta namba ya gari, jina wanalolipata ni la mwalimu. Mbele ya sheria, aliyesajiliwa kuwa mmiliki huchukuliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mwalimu anaweza kuthibitisha, lakini mzigo wa kuitafuta karatasi ya mauziano, mashahidi na muuguzi aliyekwisha kuhamia mkoa mwingine ni wake.

Upande wa pili nao hauko salama. Endapo mwalimu atafariki dunia kabla ya uhamisho, gari litaonekana katika kumbukumbu kuwa sehemu ya mali zake. Mfanyabiashara atalazimika kumsubiri msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama, kisha kumshawishi kwamba marehemu, ambaye yeye hakuwahi kuonana naye, alikwisha kuliuza gari hilo. Gharama ya kuhamisha umiliki iliyokwepwa siku ya kwanza inarudi ikiwa imeongezeka mara nyingi.

2. Kabla ya kununua

Herufi ya kwanza katika namba ya usajili imekuwa kipimo cha mtaani cha umri wa gari: namba A, namba B, namba C na kuendelea. Kipimo hicho kinapotosha. Herufi huonesha kipindi ambacho gari lilisajiliwa Tanzania, haioneshi mwaka lilipotengenezwa. Gari lenye namba D linaweza kuwa na umri sawa na jirani yake mwenye namba B. Soma mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi.

Kagua mambo yafuatayo kabla ya kutoa hata fedha ya kishika uchumba:

(a) Kadi halisi. Usikubali nakala. Linganisha namba ya chesisi na namba ya injini zilizo kwenye kadi na zile zilizogongwa kwenye gari lenyewe. Thibitisha kumbukumbu hizo katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA).

(b) Jina la muuzaji. Iwapo jina lililo kwenye kadi si la anayekuuzia, mtafute mwenye jina hilo. Dalali hana mamlaka ya kuuza mali isiyo yake. Ikiwa mwenye jina amefariki, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hata kama ndugu wote wanamtaja mtu mwingine.

(c) Kadi "iliyopotea". Wapo wanaoweka kadi dhamana kwa mkopeshaji, kisha humweleza mnunuzi kwamba imepotea na kumwonesha taarifa ya kupotelewa kutoka Polisi. Taarifa hiyo haithibitishi kwamba gari halina deni. Mwache muuzaji apate kadi mpya kwa jina lake kwanza, na akueleze kwa maandishi kwamba gari halina mkopo.

(d) Faini na bima. Mfumo wa Jeshi la Polisi huonesha faini za barabarani kwa kutumia namba ya gari. Uhalali wa bima nao huthibitishwa kupitia mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA). Fanya ukaguzi huo mwenyewe, usitegemee stika iliyobandikwa kwenye kioo.

(e) Fundi wako. Peleka gari kwa fundi uliyemchagua wewe. Litazamwe chini kabla ya juu: hewa kavu ya uwanda wa kati huchelewesha kutu, lakini gari lililokaa Dar es Salaam au Tanga kwa miaka mingi linaweza kuwa limeliwa na chumvi ya bahari chini ya rangi inayong'aa. Kilomita zinazoonekana kwenye dashibodi zinaweza kurudishwa nyuma; uchakavu wa pedali, usukani na kiti cha dereva husema ukweli zaidi.

3. Kulitunza katika joto, vumbi na maji ya chumvi

Gari kuukuu halihitaji matunzo ya gharama kubwa. Linahitaji matunzo yasiyokatizwa. Hapa Dodoma mambo matatu yapewe kipaumbele.

La kwanza ni upoozaji wa injini. Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi. Yakitiwa kwenye rejeta mara kwa mara, huacha tabaka gumu ndani ya mirija, kama lile linaloonekana ndani ya birika la chai. Mirija ikiziba, injini huchemka na gasketi ya silinda hedi huungua. Tumia maji maalumu ya kupoozea injini yanayouzwa kwenye maduka ya spea. Aidha, usifungue kamwe mfuniko wa rejeta wakati injini ina moto.

La pili ni vumbi la kiangazi. Kati ya Mei na Novemba, anayepita kila siku barabara za udongo akague chujio la hewa mara nyingi kuliko kitabu cha gari kinavyoelekeza. Chujio lililoziba huongeza ulaji wa mafuta.

La tatu ni tairi. Jua hukausha mpira hata pale tairi linapoonekana kuwa na kashata nzuri. Kwenye ubavu wa tairi, mwishoni mwa mlolongo unaoanza na herufi DOT, zipo tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Tarakimu 2319, kwa mfano, humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zisome kabla ya kununua tairi la mtumba.

4. Wakati wa kuachana nalo

Ada ya leseni ya gari ya kila mwaka iliondolewa katika bajeti ya mwaka 2017/18, na mapato yake yakahamishiwa kwenye ushuru wa mafuta. Tangu hapo gari lililoegeshwa chini ya mwarobaini halionekani kumgharimu mwenyewe chochote. Ndivyo magari mengi yanavyosahauliwa uani kwa miaka. Hata hivyo gari lililolala hushuka thamani kila msimu: betri hufa, tairi hupasuka, panya hukata nyaya, na spea moja moja huazimwa bila kurudi.

Uamuzi wa kutengeneza au kuuza ufanywe kwa hesabu. Tuseme gari lenye injini inayokula oili linauzika leo, kwa hali hiyo hiyo, kwa shilingi 3,500,000. Fundi anataka shilingi 1,800,000, na likishatengenezwa litauzika kwa shilingi 4,000,000. Matengenezo yameongeza thamani kwa shilingi 500,000 tu. Shilingi 1,300,000 zilizobaki lazima zilipwe na huduma utakayoipata. Gari likidumu miaka miwili bila tatizo jingine kubwa, hiyo ni takriban shilingi 54,000 kwa mwezi, na huenda ikafaa. Likidumu miezi sita, ni takriban shilingi 217,000 kwa mwezi. Basi swali la kumuuliza fundi ni hili: "Baada ya kazi hii, ni kipi kingine kitakachofuata, na lini?"

5. Kuuza kwa utaratibu

(a) Eleza kwa uaminifu kasoro unazozijua na ziandikwe kwenye mkataba. Kasoro iliyoandikwa haiwezi kugeuzwa baadaye kuwa madai ya udanganyifu.

(b) Andikeni mkataba wa mauziano wenye majina kamili, namba za vitambulisho vya Taifa, namba ya gari, namba ya chesisi, bei, tarehe na saa ya makabidhiano, pamoja na saini za mashahidi.

(c) Nendeni pamoja TRA mkiwa na kadi halisi, mkataba, vitambulisho na namba za utambulisho wa mlipakodi (TIN) za pande zote mbili. Malipo yote ya Serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Usimkabidhi dalali fedha taslimu ili akakulipie.

(d) Kubalianeni mapema ni nani atakayelipia uhamisho. Wengi huuza bila kuhamisha kwa sababu jambo hili halikusemwa wakati wa kupatana bei.

(e) Mjulishe mtoa bima wako. Bima ni mkataba kati yake na wewe. Haimfuati mnunuzi kwa sababu tu gari limebadilisha mikono.

(f) Ukiuza kwa mali kauli, yaani kwa malipo ya awamu, fahamu kwamba kubaki na kadi hulinda fedha yako lakini pia hukubakizia dhima. Mkataba utaje tarehe ya kila awamu na siku ya uhamisho, na hakikisha gari lina bima halali katika kipindi chote hicho.

(g) Gari lisilotengenezeka tena lisiuzwe vipandevipande likiwa na usajili hai. Omba TRA ifute usajili, kisha uza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu mwenye kibali. Namba za gari zisibaki mikononi mwa mtu, kwani zinaweza kubandikwa kwenye gari la wizi.

6. Endapo umedanganywa

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mtumiaji. Ukinunua gari kwenye yadi au kwa mtu anayefanya biashara ya magari, unaweza kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani (FCC). Ukinunua kwa mtu binafsi anayeuza gari lake mwenyewe, ulinzi huo ni finyu. Kimbilio lako ni Sheria ya Mikataba, inayokuwezesha kuomba mahakama itengue mkataba uliotokana na udanganyifu. Kwa hiyo, kadiri muuzaji anavyokuwa mtu wa kawaida, ndivyo ukaguzi wako unavyopaswa kuwa mkubwa zaidi. Katika hali zote mbili, tunza mkataba, stakabadhi na ujumbe wote wa simu.

Maswali ya kujipima

1. Je, jina lililo kwenye kadi ya gari unaloendesha leo ni lako?
2. Je, lipo gari uliloliuza ambalo bado lina jina lako?
3. Je, familia yako inajua kadi na mkataba wa gari vimehifadhiwa wapi?

Ukijibu "hapana" kwa swali la kwanza au "ndiyo" kwa swali la pili, mtafute mhusika mwenzako wiki hii, wakati bado anapatikana na bado anakumbuka mlivyokubaliana. Ukijibu "hapana" kwa swali la tatu, zungumza na familia yako leo.