Ujuzi wa Huduma ya Kwanza Hufifia Usipohuishwa

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo. Zaidi ya watu 80 waliokolewa, na zaidi ya 20 walipoteza maisha. Miongoni mwa waliotangulia kwenye kifusi walikuwa wafanyabiashara na wapita njia, wakifukua kwa mikono na nyundo. Katika umati wa namna hiyo huenda akawepo muuguzi aliyetoka zamu, muuza dawa wa duka la jirani au mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Macho yote humwelekea yeye. Je, mikono yake ingali inakumbuka?

Mkazi wa kata zetu anajua jinsi gari la wagonjwa linavyopenya kwa shida kati ya mikokoteni, bodaboda na meza za wamachinga. Dakika za mwanzo, basi, huwa mikononi mwa aliye karibu.

Kwa nini ujuzi uhuishwe

Cheti hubaki ukutani, lakini ustadi wa mikono hupungua ndani ya miezi michache usipotumika. Aidha, miongozo hubadilika. Muuguzi aliyehitimu kabla ya mwaka 2005 alifundishwa kumkandamiza mtu mzima kifua mara 15 kwa pumzi 2. Tangu mwaka huo kipimo ni mara 30 kwa pumzi 2.

Moyo uliosimama

Mgonjwa asiyeitika wala kupumua kama kawaida alazwe chali mahali pagumu. Weka kitako cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, viwiko vikiwa vimenyooka. Kandamiza kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila mara uache kifua kirudi juu kikamilifu. Pokezaneni kila baada ya dakika 2, kwa kuwa mikono iliyochoka hukandamiza kwa kina pungufu. Asiyefunzwa kupuliza pumzi aendelee kukandamiza tu.

Damu inayobubujika

Gandamiza jeraha moja kwa moja kwa kitambaa safi, bila kuachia ili kuchungulia. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake. Kisu au nondo iliyozama mwilini isichomolewe.

Aliyebanwa na kifusi

Hili ni somo ambalo hata wataalamu hulisahau. Mtu aliyebanwa paja kwa saa nyingi huweza kuzungumza vizuri, kisha akazidiwa ghafla baada ya kunasuliwa. Sababu ni kwamba misuli iliyopondeka huachia potasiamu na sumu nyingine, ambazo huuathiri moyo na kuharibu figo. Kwa hiyo mtoa huduma awaeleze waokoaji muda ambao majeruhi amebanwa, na mtaalamu aliyepo aanzishe dripu ya maji ya chumvi, ikiwezekana, kabla zege halijanyanyuliwa.

Wajibu wa kila mmoja

Watoa huduma wa zahanati na vituo vya afya watenge muda, walau kila baada ya miezi michache, wa kufanya mazoezi haya wakisimamiana na kusahihishana. Kusoma pekee hakutoshi. Mkazi naye apige simu mapema: 114 kwa Zimamoto na Uokoaji, 112 kwa Polisi, na 115 kwa usafiri wa dharura wa mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga. Ataje mtaa, jengo na alama iliyo karibu, kisha mtu mmoja asimame barabarani kuwaongoza waokoaji, na wengine wafungue njia.

Maswali ya kujipima

1. Kifua cha mtu mzima hukandamizwa kwa kina gani?
2. Kitambaa kilicholowa damu hufanywaje?
3. Aliyebanwa muda mrefu apewe nini kabla ya kunasuliwa?

Ndugu mtoa huduma, ukisita katika swali hata moja, anza zoezi wiki hii. Akiba haiozi, na ujuzi wa kuokoa maisha ni akiba ya mtaa mzima.