Bahati Nasibu na Kusudi Jema

Soma kwa Somo Hili: Yoshua 18:1–10, Mithali 13:11, 16:33, Isaya 65:11, Waefeso 4:28, Wagalatia 6:1, 2.

Fungu la Kukariri: Mithali 13:11.

Mwaka 1569, kwa amri ya Malkia Elizabeth I, bahati nasibu ya kwanza ya serikali ya Uingereza ilichezeshwa London. Fedha zilikusudiwa kutengeneza bandari. Tangu karne ya 15, miji ya Uholanzi na Ubelgiji za leo ilikuwa imechezesha bahati nasibu ili kujenga kuta na kusaidia maskini. Baadaye makoloni ya Marekani yalifanya vivyo hivyo kwa ajili ya barabara, vyuo kama Harvard, na hata makanisa. Tangu mwanzo mchezo huu umevikwa vazi la kusudi jema.

Lakini vazi hilo lilichakaa. Uingereza ilichezesha bahati nasibu yake ya mwisho mwaka 1826, baada ya Bunge kuipiga marufuku. Huko Marekani, kampuni ya bahati nasibu ya Louisiana, iliyoanza mwaka 1868, iliuza tiketi nchi nzima kwa njia ya posta, huku sifa ya rushwa ikiifuata. Mwaka 1890 sheria ilikataza posta kubeba tiketi hizo.

Mwaka 1964 mchezo ulirudi. Jimbo la New Hampshire, lisilotoza kodi ya mishahara wala ya mauzo, lilihitaji fedha za shule, likaanzisha bahati nasibu. Mwaka 1974 Massachusetts ilileta tiketi za kukwangua, ambazo humpa mchezaji jibu papo hapo na kumvuta anunue nyingine. Leo majimbo 45 kati ya 50 yana bahati nasibu. Uingereza nayo iliirudia mwaka 1994. Hapa Afrika Mashariki, simu ya mkononi imeuleta mchezo huu hadi chumbani: pesa ya karo au ya unga yaweza kuondoka kabla mwenzi wa ndoa hajajua.

Soma Mithali 13:11. Sulemani anatofautishaje njia mbili za kupata mali?

Katika mchezo wa Powerball wa Marekani, tiketi moja ina nafasi moja tu kati ya takriban milioni 292 ya kupata zawadi kuu. Bei ya tiketi ni ileile kwa tajiri na kwa maskini, lakini kwa maskini ni sehemu kubwa zaidi ya riziki yake. Hivyo shule au bandari hujengwa kwa matumaini ya wale wasioweza kumudu hasara.

Soma Yoshua 18:1–10 na Mithali 16:33. Kura ya Biblia inatofautianaje na bahati nasibu?

Wengine husema, "Hata mitume walipiga kura." Ni kweli. Lakini Yoshua alipopiga kura huko Shilo, hakuna kabila lililolipa ili kushiriki, wala hakuna lililoondoka mikono mitupu. Makabila yote saba yalipata urithi, na uamuzi ulikuwa wa Bwana. Bahati nasibu hukusanya kutoka kwa wengi walioshindwa ili kumpa mmoja, wala haimwulizi Mungu neno lolote. Katika Isaya 65:11 Bwana anawakemea waliomwacha na kuifanyia karamu miungu ya bahati.

Soma Waefeso 4:28. Paulo anataka kazi ya mikono izae nini?

Paulo anaunganisha kazi na kumgawia mhitaji. Wakili mwaminifu hutafuta mali kwa njia isiyomwumiza jirani yake, kisha huitoa kwa furaha. Kusudi jema halitakasi njia mbaya.

Aliyenaswa na mchezo huu hahitaji kuaibishwa mbele ya kanisa. Wagalatia 6:1, 2 yaagiza arejezwe kwa upole. Mara nyingi hatua ya kwanza ni kumwambia mtu mmoja anayeaminika ukweli wote kuhusu deni.

Maswali ya Kujadili

1. Kamati ya ujenzi inapendekeza kuuza tiketi za bahati nasibu ili kuezeka kanisa. Mtaishaurije?
2. Mshiriki aliyeshinda fedha nyingi analeta zaka yake. Kanisa litafakari mambo gani kabla ya kumjibu?
3. Kijana asiye na ajira anasema kubeti ndiyo kazi yake. Zaidi ya kumwonya, darasa lenu laweza kumfanyia nini juma hili?