SOMO LA MANENO: GADI, MLINZI NA MTUNZA GHALA

Katibu wa chama cha msingi aweza kulikuta neno "gadi" katika mkataba wa ulinzi wa ghala, akatia sahihi bila kuuliza maana yake. Yafaa aulize, kwani neno hilo lina sura mbili.

Gadi limeingia katika Kiswahili kwa njia ya Kiingereza, nao Waingereza walilipata kwa Wafaransa. Kitenzi cha Kifaransa, garder, maana yake ni kulinda na vilevile kutunza. Kwa Wafaransa mahali pa kuhifadhia chakula ni garde-manger, na mwenye kumwuguza mgonjwa ni garde-malade. Wala hapana rungu hapo. (Gadi za mabaharia wa pwani, yaani magogo ya kuegemeza chombo kilichopwelewa, ni neno jingine.)

Reli ilifika Mwanza mwaka 1928. Gadi wa treni alikaa behewa la nyuma, mchana na bendera ya kijani na nyekundu, usiku na taa. Usalama wa treni ulikuwa juu yake, na hati za safari zilikuwa mikononi mwake. Huyo alilinda na kutunza pamoja. Lakini mlinzi wa usiku, awe wa duka la Mirongo au wa ghala la kijijini, naye huitwa gadi, ilhali hakukabidhiwa hata karatasi moja. Kule mashariki ya Kongo mtu huyo huitwa "zamu", jambo litakalomshangaza mgeni wa Mwanza!

Basi mkataba ukisema tu kwamba "gadi atawajibika kwa ghala", na magunia ya pamba yakapungua huku kufuli ni zima, gadi atasema alilinda mlango, na mtunza ghala atasema usiku hakuwapo. Kamati itabaki na ugomvi, na upungufu utawaangukia wanachama waliokwisha kupima pamba yao.

Ni bora mkataba uandike "mlinzi" kwa mlango, ua na kufuli. Na "mtunza ghala" kwa uzito, daftari la ghala na ufunguo. Jioni wote wawili wakague kufuli na kutia sahihi katika daftari la makabidhiano, na asubuhi vivyo hivyo. Kampuni ikishikilia neno "gadi", katibu aitake iandike ni kazi ipi kati ya hizo mbili, kabla muhuri wa chama haujagongwa.