SOMO: KUTEMBEA NA PUNDA ASIYE NA MZIGO

Wakulima wengi wa skimu za makazi wana watoto waliohamia Nairobi. Wengine wanakaa Donholm, mtaa ambao zamani ulikuwa shamba na leo umejaa nyumba. Shule zikifungwa, wajukuu huja kwa babu na nyanya, na siku ya pili huuliza, "Tufanye nini?"

Huko Ulaya watu hulipa fedha ili watembee na alpaka, mnyama wa manyoya wa milima ya Peru, wa jamaa ya ngamia. Hawampandi wala hawambebeshi kitu. Hutembea naye pole pole na kupumzisha akili. Wewe mkulima una punda, na huna haja ya kulipa. Fuata maagizo haya:

1. Tembea asubuhi au jioni, jua likiwa si kali. Kwanza tazama kwato, utoe mawe na matope. Punda akichechemea au akiwa na kidonda, mwache apumzike.

2. Mvike hatamu ya kamba laini isiyombana. Usitumie waya.

3. Simama kushoto kwake, karibu na bega. Usimkokote kwa mbele, wala usimfuate nyuma na fimbo. Usijizungushie kamba mkononi, kwa maana akishtuka atakuburuta.

4. Akisimama ghafula, usimpige. Watu humwita mkaidi, kumbe anaogopa. Farasi akiogopa hukimbia. Punda mara nyingi husimama kwanza atazame. Ngoja, sema naye kwa sauti ya chini, kisha piga hatua.

5. Mtu mzima ndiye mshika kamba. Mtoto atembee kando ya mtu mzima, asipite kamwe nyuma ya punda. Masikio yakilala nyuma, mtoto asimkaribie. Punda akitulia, mtoto ampapase shingo.

6. Ukiwa na punda wawili, wachukue wote. Punda hushikamana sana na mwenziwe, na akiachwa peke yake huhangaika.

7. Mkirudi, mpe maji safi, nanyi mnawe mikono kwa sabuni.

Faida ni nini? Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri kwa dakika 150 au zaidi kila juma. Nusu saa kwa siku tano yatosha, mkitembea kwa hatua za kukaza kidogo. Tena, mtu aliyetembea bega kwa bega na mnyama wake huona mapema kidonda au ulemavu ambao mwenye kumswaga kwa nyuma haoni.

Kati ya 2016 na 2020 punda wengi wa Kenya walichinjwa kwa ajili ya ngozi, na wengine waliibwa. Walioibiwa walijua siku hiyo ni nani aliyekuwa akiwaletea maji nyumbani. Basi, Jumapili hii mtue punda mzigo, umwite mjukuu, mtembee wote watatu.