SOMO: KAUSHA UKUTA KWANZA, KISHA UPIGE LIPU

Nyumba nyingi kambini zimejengwa kwa matofali mabichi. Tofali la udongo likiwa kavu hubeba paa bila shida. Likilowa sana hulainika na kurudi kuwa tope. Ndiyo sababu ukuta unaweza kuwaangukia watu wakiwa wamelala, hata baada ya mvua kukatika.

Wengi wakiona unyevu hukimbilia kupiga lipu ya saruji. Saruji huficha unyevu, haiuondoi. Maji hukosa pa kutokea, tofali hulainika nyuma ya lipu, na mwishowe lipu hubanduka.

MAJI YANATOKA WAPI?

- Chini: doa huanzia sakafuni na kupanda. Pengine huacha chumvi nyeupe.
- Juu: michirizi hushuka kutoka paani.
- Ndani: mvuke wa kupikia na nguo mbichi huleta ukungu pembeni na nyuma ya vitu. Ukungu huo huwazidishia kikohozi watoto na wenye pumu.

Ukiwa na shaka, bandika kipande cha nailoni ukutani, ukizibe pande zote kwa utepe wa gundi. Kiangalie baada ya siku mbili. Matone yakiwa upande wa ukutani, unyevu umo ukutani. Yakiwa upande wa chumbani, unatokana na hewa ya ndani.

FANYA HIVI KWA UTARATIBU

1. Ziba mahali paa linapovuja. Upenu utokeze angalau sentimita 50, ili maji yasipige ukuta.
2. Ondoa udongo na takataka zilizoegemea ukuta.
3. Shindilia udongo kuzunguka nyumba uwe na mteremko wa kwenda nje. Chimba mtaro umbali wa mita 1 hivi, uelekee kwenye mtaro mkubwa, si kwa jirani.
4. Usichimbe udongo wa matofali karibu na nyumba. Shimo hutuama maji, huzalisha mbu, na mtoto anaweza kuzama humo.
5. Fungua madirisha mchana. Anika nguo nje.
6. Acha ukuta ukauke kabisa. Huenda ikachukua wiki kadhaa.
7. Ndipo upige lipu ya udongo, mchanga na nyasi zilizokatwakatwa. Jaribu kwanza sehemu ndogo. Ikipasuka, ongeza mchanga. Ikipukutika, ongeza udongo wa mfinyanzi.

Ukijenga upya, anza na msingi wa mawe au matofali ya kuchoma unaopanda sentimita 30 juu ya ardhi.

HATARI! Ukuta ukivimba, ukiinama, ukiliwa chini, au ukipata ufa unaoingia kidole, usilale humo. Toa watoto, kisha mwarifu kiongozi wa eneo lako. Wazee, wagonjwa na wajane wasio na nguvu za kuchimba wasaidiwe na majirani kabla ya mvua kuanza.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika nyumba yako, maji huingia kutoka wapi?
2. Mtaro wako unapeleka maji kwa nani?
3. Ni jirani gani anayehitaji msaada wiki hii?